Uzi: Pumu bila dawa – kipi kinafungua mirija na kipi kinatufariji tu?

#1 Pumzi_Ndefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada za pumu humu jukwaani zina mzunguko wake. Mtu analeta swali, mmoja anamwambia tangawizi, wa pili anamwambia atupe inhela maana "inazoeza", wa tatu anamvuta inboksi amuuzie unga. Zikifika kurasa tatu, muuliza swali ameondoka na mambo kumi ya kujaribu na hajui hata moja linafanya nini ndani ya kifua. Nataka huu uwe uzi wa kuchambua: mazoezi ya kupumua, mimea, mvuke, chumvi, usafi wa chumba, uzito, kila kinachotajwa nje ya duka la dawa. Nina pumu tangu utotoni, na siuzi kitu.

Kwanza kuna jaribio moja ambalo naona kila mwenye pumu alijue. Lilichapishwa mwaka 2011 kwenye New England Journal of Medicine, lilifanyika Marekani, na wagonjwa 39 walilimaliza. Kila mgonjwa alipitishwa kwa zamu kwenye hali nne: inhela yenye salbutamol (dawa ya kufungua mirija), inhela ya kuigiza isiyo na dawa, akupancha ya kuigiza ambayo sindano haiingii mwilini, na kukaa tu bila kufanyiwa lolote. Kisha wakapimwa mara mbili. Mashine ikapima hewa wanayoitoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza, halafu wenyewe wakaulizwa wanajionaje.

Kwenye mashine, inhela yenye dawa iliongeza pumzi kwa asilimia 20. Hali tatu zilizobaki zote ziliishia kwenye asilimia 7 hivi. Walipoulizwa wagonjwa, waliotumia dawa walisema wamepata nafuu ya asilimia 50, inhela tupu 45, sindano za kuigiza 46, na kukaa bure 21.

Yaani aliyevuta hewa tupu alijiona amepona karibu sawa na aliyevuta dawa, huku mirija yake imebana kama ya mtu aliyekaa bure.

Ndiyo maana ushuhuda wa "mimi nilitumia nikaona nafuu" haunitoshi, na simtuhumu mtu uongo. Nafuu aliipata kweli. Ila pumu haiui kwa kujisikia vibaya, inaua kwa mirija kuziba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa nayo. Kwa hiyo kila tiba itakayotajwa humu naomba tuiulize maswali mawili: inamfanya mtu ajisikie vipi, na inafanya nini kwenye mirija?

Kumbukeni pia kinachotokea humo ndani. Misuli inayozunguka mirija ya hewa inajikaza, kuta za mirija zinavimba, na makamasi mazito yanaziba kanjia kalikobaki. Inhela ya bluu, yaani ile ya salbutamol, inalegeza misuli. Uvimbe hauugusi, uvimbe ni kazi ya steroidi ya kuvuta. Kutegemea ya bluu peke yake ni sawa na kudeki sakafu huku bomba linavuja. Na kitu chochote cha asili kinacholegeza kifua kwa saa mbili tatu kimefanya kazi ya ile ya bluu tu.

Haya, leteni.

#2 Kipanga_Juu

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 Mdadisi01

Mkuu anza na Buteyko. Nimeona video mtu anabana pua, anatembea, kifua kinafunguka palepale. Ni kweli au sarakasi?

#4 Pumzi_Ndefu

Mdadisi01, hapa patanichukua muda kidogo maana kwa upande wa visivyo dawa, mazoezi ya kupumua ndiyo yenye ushahidi wa kueleweka.

Konstantin Buteyko alikuwa daktari wa Kisovieti, mzaliwa wa Ukraine. Alianza kujenga nadharia yake miaka ya 1950: kwamba mwenye pumu anapumua kupita kiasi, anapoteza kabonidayoksaidi nyingi, na mirija inajibana kama kinga. Tiba yake ikawa kupumua kidogo, kwa pua, na kushikilia pumzi baada ya kutoa. Nadharia yenyewe, kwamba hicho ndicho chanzo cha pumu, haikusimama. Pumu ni uvimbe. Lakini majaribio ya zoezi lenyewe yalileta kitu cha ajabu: watu walipunguza sana kutumia inhela ya bluu na dalili zikapungua, ila vipimo vya mapafu havikusogea.

Uingereza wakafanya jaribio kubwa zaidi, matokeo yalitoka 2018. Wagonjwa 655 wa pumu ambao maisha yao yalikuwa bado yanasumbuliwa na ugonjwa japo wanatumia dawa. Wengine walifundishwa kupumua na mtaalamu wa fiziotherapia ana kwa ana, wengine wakapewa DVD na kijitabu wakajifunze nyumbani, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Makundi mawili ya mazoezi yote yaliona maisha yao yameboreka kuliko wale wa huduma ya kawaida, na DVD haikupitwa na mtaalamu. Hewa ya sekunde ya kwanza? Ileile. Uvimbe wa mirija? Uleule.

Mtu anaweza kusema basi ni faraja tu. Mimi sioni hivyo. Wengi wetu tuna pumu na juu yake tuna tabia mbaya ya kupumua: juujuu, kwa mdomo, mabega yanapanda, haraka haraka kwa sababu ya hofu. Hiyo yenyewe inaleta kubanwa kifua, kizunguzungu na ganzi vidoleni, na mtu anadhani ni pumu anakimbilia inhela. Zoezi linatibu hiyo sehemu, na ni sehemu halisi. Ile ya mirija linaiacha palepale ilipo.

Namna ninavyolifanya: nakaa kwenye kiti, miguu chini, mabega nayaangusha. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni juu ya kitovu. Mdomo nafunga. Navuta kwa pua polepole, mkono wa tumbo ndio usogee, wa kifua utulie. Natoa bila kusukuma, naiacha hewa itoke yenyewe. Baada ya kutoa nabana pua kwa vidole mpaka ile hamu ya kwanza ya kuvuta, naachia. Kipimo cha kujua umefanya sawa ni pumzi inayofuata: iwe tulivu kama ya kabla. Ukiivuta kwa pupa, umepitiliza. Mambo ya kushikilia mpaka macho yatoke ni ya kwenye video.

Na wakati wa shambulio usibane pua. Chukua inhela.

Yoga inaingia humuhumu. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba) ya 2016 yaliona inaboresha kidogo dalili na maisha ya mgonjwa.

#5 Tibamti

Mleta uzi nimekusoma. Naheshimu takwimu zako lakini naona unaipiga chenga tiba ya mimea. Mababu walitibu pumu kabla hiyo mashine ya kupulizia haijabuniwa. Na hizo dawa mnazoziabudu nusu yake zimetoka kwenye miti. Kwa nini likiwa jani ni ushirikina, likiwa kidonge ni sayansi?

#6 Pumzi_Ndefu

Tibamti, karibu sana, na hoja yako ya dawa kutoka kwenye miti naikubali yote. Kwenye pumu ni kweli kuliko magonjwa mengi. Angalia:

Mranaha, yaani datura. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza waliona India watu wanavuta moshi wake kutibu pumu, wakaupeleka kwao, na sigara za pumu zikauzwa kwenye maduka ya dawa mpaka ndani ya karne ya 20. Zilifanya kazi, maana mmea una atropini inayolegeza mirija. Lakini atropini hiyohiyo inakausha mdomo, inapanua mboni, inapeleka moyo mbio na kumtia mtu wazimu wa muda, na jani moja haliko sawa na jani la pili kwa nguvu. Kutoka kwenye atropini wanasayansi walipata ipratropiamu, dawa ya kupanua mirija, ambayo ukiivuta inabaki zaidi kwenye mirija.

Efedra, mmea wa Wachina. Mjapani Nagai Nagayoshi alitoa efedrini ndani yake mwaka 1885. Inapanua mirija kweli, na inapandisha presha kweli. Marekani walipiga marufuku virutubisho vyake mwaka 2004 baada ya watu kupata kiharusi na matatizo ya moyo.

Kella, mmea wa nchi za Mediterania. Daktari Roger Altounyan, mwenyewe mgonjwa wa pumu, alifanya kazi kwenye kampuni ya dawa Uingereza akijaribu kemikali zilizotokana na mmea huo. Alikuwa anajivutisha vitu vinavyomwamshia pumu, anabanwa kwa makusudi, kisha anapima ni kemikali ipi inamkinga. Ndipo ikapatikana kromoglikati, dawa ya kukinga pumu, mwaka 1965. Huyu bwana namvulia kofia.

Hata kahawa. Mwingereza Henry Hyde Salter aliandika mwaka 1859 kwamba kahawa nzito inasaidia pumu, na hakukosea sana: kafeini inafungua mirija kidogo, kwa muda unaoweza kufika saa nne, ndiyo maana unaambiwa usinywe kabla ya kwenda kupimwa mapafu. Ni ndugu wa theofilini, dawa nyingine ya pumu, iliyotolewa kwenye majani ya chai na Mjerumani Albrecht Kossel mwaka 1888.

Kwa hiyo swali langu kwako si kama mti una dawa. Ni hili: dozi yako ni kiasi gani, na unajuaje kwamba kifua cha mteja wako kimefunguka?

#7 Tibamti

Dozi najua kwa uzoefu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mteja akilala usiku bila kukohoa najua imefanya kazi. Na mimi situmii mranaha, natumia habbat soda, tangawizi, asali na vingine ambavyo siwezi kuvitaja hapa.

#8 Pumzi_Ndefu

Kulala bila kukohoa ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani, hata hospitali wanakiuliza. Habbat soda ina majaribio madogo kadhaa kwa binadamu yaliyoonyesha dalili kupungua, ni madogo mno kumwambia mtu aache dawa yake. Tangawizi, sehemu kubwa ya sifa zake imetoka maabara, kwenye vipande vya misuli ya mirija vilivyowekwa kwenye vyombo, na kati ya chombo cha maabara na kikombe cha chai pana safari. Asali inatuliza kikohozi cha mafua, sawa.

"Vingine ambavyo siwezi kuvitaja" ndivyo vinavyonitia wasiwasi.

#9 nesi_wa_zamu

Naomba nidakie hapohapo kwenye "vingine". Nimefanya kazi wodini muda mrefu. Kuna unga na vidonge vya "asili tupu" ambavyo mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimevipima zikakuta deksamethasoni au prednisoloni ndani. Steroidi kamili. Anayekunywa anaona muujiza: siku chache tu kifua kinafunguka, hamu ya kula inarudi, anamsifia mtaalamu kila kona. Baada ya miezi uso unajaa kama mwezi, sukari na presha zinapanda, ngozi inachubuka ovyo. Na siku unga ukimuishia ghafla, tezi zake za adrenali zimeshalala, hazitengenezi steroidi ya mwili. Hapo anaweza kufa kwa jambo ambalo si pumu kabisa.

Simsemi Tibamti, simjui. Nasema dawa ya asili inayotibu pumu kwa kasi hiyo iogopeni kuliko ile isiyofanya kitu.

Vingine vya kuangalia kwa mwenye pumu: maziwa ya nyuki, yale ya kumlishia malkia. Yameshasababisha mzio mkali na vifo kwa watu wenye pumu, na Australia yanauzwa na onyo kwenye lebo. Gome la mwilo (willow) lina kitu cha ukoo wa aspirini, na kuna wenye pumu ambao aspirini inawabana vibaya sana. Mafuta yenye harufu kali, ya mkaratusi na wenzake, wengine yanawaburudisha na wengine yanawaamshia. Na mvuke wa kujifunika shuka juu ya beseni: mirija haufungui, unalainisha tu makamasi ya puani, na ninaowakumbuka mimi ni watoto waliomwagikiwa na yale maji. Mapaja na tumbo. Msiwafanyie watoto.

#10 MamaWawili

Nesi asante. Mimi mwanangu ana miaka sita, amepewa inhela ya kahawia, ile ya steroidi, kila siku. Ndugu wote wananiambia nitamharibu, atadumaa na atakuwa mtumwa wa inhela. Ndiyo maana nikaingia humu kutafuta za asili. Nimechanganyikiwa.

#11 nesi_wa_zamu

Mama, pole. Hofu yako ina mantiki, ngoja nikujibu bila kukupamba.

Dozi ya steroidi ya kuvuta inapimwa kwa mikrogramu. Vidonge vinapimwa kwa miligramu, na miligramu moja ni mikrogramu elfu. Sehemu kubwa ya ya kuvuta inafanya kazi kwenye mirija. Kuhusu kudumaa: kuna utafiti wa Marekani uliowafuata watoto mpaka utu uzima, waliotumia steroidi ya kuvuta walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 1. Basi. Mtoto ambaye pumu yake haijatulia naye hakui vizuri, halali, hachezi, anakosa shule. Asukutue mdomo na kutema baada ya kuvuta, asipate utando mweupe.

Hilo la "utumwa" watu wamelibandika kwenye inhela ambayo siyo. Yenye shida ni ya bluu ikitumika peke yake kupita kiasi. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unahesabu chupa tatu au zaidi za bluu kwa mwaka kuwa dalili ya hatari ya mashambulio makali, na chupa kumi na mbili au zaidi hatari ya kifo. Tangu 2019 GINA iliacha kabisa kupendekeza bluu peke yake kwa watu wazima na vijana. Kwa hiyo ya kahawia usiikatize kwa maneno ya ndugu. Ukitaka ipunguzwe, inapunguzwa hatua kwa hatua na anayemtibu, pumu ikiwa imetulia kwa miezi kama mitatu.

#12 Kipanga_Juu

Mbona kuna watu wamepona jumla? Binamu yangu utotoni alikuwa anapiga filimbi kifuani usiku kucha, bibi akampa kitu, leo anacheza mpira dakika tisini.

#13 Pumzi_Ndefu

Kipanga, watoto wengi wanaokorota kifua utotoni huacha wenyewe wakikua, hasa wale ambao filimbi ilikuwa inakuja na mafua tu. Wakipewa kitu na bibi wanaacha, wasipopewa wanaacha. Bibi anabaki na sifa. Na kwa wengine hurudi ukubwani, kwa hiyo binamu asijitape sana.

#14 Chumvi_Bahari

Tiba ya chumvi je? Nimeona vyumba vya chumvi vinatangazwa, na mapango ya Poland yana historia.

#15 Pumzi_Ndefu

Yana historia kweli. Wieliczka, mgodi wa chumvi karibu na Kraków, daktari wa mgodi Feliks Boczkowski alianza kuwatibu watu humo karne ya 19. Lakini fikiria hewa ya chini huko: haina chavua, haina moshi, vumbi la nyumbani hakuna. Mwenye mzio wa chavua ukimshusha shimoni lolote lenye hewa hiyo atapumua, chumvi iwepo isiwepo. Ushahidi wa vyumba vya chumvi vya mjini ni hafifu.

Na kuna jambo wauzaji hawalisemi. Maabara za mapafu zikitaka kujua kama mtu ana pumu, mojawapo ya vipimo ni kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi kali kuliko ya mwilini, asilimia 4.5. Mwenye pumu anabanwa. Yaani chumvi inatumika kuamsha ugonjwa ili uonekane! Kusafisha pua kwa maji ya chumvi hafifu ni jambo jingine, kunasaidia mafua ya mzio, na pua ikitulia pumu nayo mara nyingi inatulia. Maji yachemshwe kwanza, yapoe.

#16 Mdadisi01

Vumbi sasa. Nilinunua foronya maalum za kuzuia utitiri, sikuona tofauti. Nimeibiwa?

#17 Pumzi_Ndefu

Hujaibiwa, umefanya kipande kimoja cha kazi. Utitiri wa vumbi una urefu wa theluthi moja ya milimita, unakula magamba ya ngozi yetu, na haunywi maji, unafyonza unyevu wa hewani. Mzio wenyewe uko zaidi kwenye kinyesi chake. Cochrane mwaka 2008 walijumlisha majaribio zaidi ya 50 ya kupambana na utitiri kwa vifuniko, dawa za kupuliza na kadhalika, wakakuta hakuna faida kwa mgonjwa wa kawaida. Watu wakatangaza kuwa usafi ni upuuzi.

Ila mwaka 2004 lilishatoka jaribio la Marekani, watoto 937 kwenye miji saba, walilofanya tofauti: walimpima kila mtoto ana mzio wa nini, kisha wakashughulikia vyote kwa pamoja. Godoro, mende, panya, ukungu wa ukutani, wanyama, moshi wa sigara. Watoto hao walikuwa na siku 3.4 zenye dalili kila wiki mbili, wenzao 4.2. Ukizidisha kwa mwaka ni kama siku 20 za kupumua vizuri zaidi bila kidonge kimoja kuongezwa. Naona hapo ndipo tiba isiyo ya dawa inapogusa ugonjwa wenyewe: umeondoa kinachoamsha uvimbe.

Kwa vitendo: shuka na foronya maji ya nyuzi 60 kila wiki, ya baridi yanaacha wengi hai. Midoli ya manyoya ilale kwenye friza siku nzima ife kila kitu, halafu ifuliwe, maana maiti na kinyesi bado vimo. Unyevu wa chumba ushuke chini ya asilimia 50 kama unaweza, fungua madirisha, ukungu ufutwe na chanzo cha maji kizibwe. Mashine zinazotoa ozoni achana nazo, ozoni inachoma mirija.

Anayevuta sigara ndani ya nyumba aache kabla hujanunua foronya. Kwa mwenye pumu anayevuta mwenyewe, steroidi ya kuvuta inafanya kazi pungufu, kwa hiyo analipia dawa na kuifukuza.

#18 Kipanga_Juu

Uzito na mazoezi?

#19 nesi_wa_zamu

Mnene mwenye pumu akipunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito, pumu inatulia zaidi, hilo halina ubishi mkubwa. Mazoezi afanye, apashe mwili taratibu kwanza, na kama kukimbia kunambana amwambie anayemtibu badala ya kuacha mchezo. Kiungulia: usile ndani ya saa tatu kabla ya kulala, inua kichwa cha kitanda. Vitamini D ilisifiwa na mapitio ya Cochrane ya 2016, mapitio mapya ya 2023 yakaondoa sifa hizo.

Na wenye wazee wa presha ya macho: matone ya timololi yanaweza kubana kifua vikali. Mtu anahangaika na mitishamba kumbe tone la jicho.

#20 Tibamti

Sawa. Sijashawishika kwamba mimea haina nafasi, na wateja wangu wanaendelea kuja. Lakini hilo la kipimo limenigusa. Kuna kipima pumzi ambacho mtu wa kawaida anaweza kukitumia? Tuseme nataka kujua kama kikombe changu kinafanya kazi.

#21 Pumzi_Ndefu

Anaweza kabisa. Ni kibomba cha plastiki chenye mshale, mtoto wa kile alichobuni Martin Wright miaka ya 1950. Simama, rudisha mshale sifuri, vuta pumzi mpaka mwisho, bana midomo kwenye mdomo wa kibomba, puliza kwa nguvu na kwa kasi mara moja. Mara tatu, andika kubwa.

Kujaribu kitu: wiki mbili za mwanzo mgonjwa apime asubuhi na jioni bila kubadilisha chochote, dawa zake ziko palepale. Aandike pia mara alizoamka usiku na mipulizo ya bluu. Kisha aongeze kitu KIMOJA, kikombe chako au zoezi, aendelee kuandika wiki nne au zaidi. Kisha akiache, aandike tena. Mshale ukipanda akikitumia na kushuka akikiacha, njoo utuambie, nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono. Akijisikia vizuri na mshale haujasogea, basi umempa faraja, usimwambie apunguze inhela.

Namba ikiwa chini ya asilimia 80 ya ile bora yake ni tahadhari. Chini ya 50 ni hospitali, majaribio yameisha.

#22 nesi_wa_zamu

Naongezea za hospitali ambazo hazihitaji kibomba: hawezi kumaliza sentensi, ngozi ya katikati ya mbavu inavutwa ndani, midomo inageuka bluu au kijivu, au bluu inampa nafuu isiyodumu hata saa nne. Na ile inayowadanganya wengi: filimbi inanyamaza ghafla huku bado anahangaika. Watu wanasema "amepata nafuu, kifua kimetulia". Kimetulia kwa sababu hewa haipiti. Mkalishe wima, usimlaze, mpulizo mmoja wa bluu kwa spesa (kopo la plastiki linalochomekwa kwenye inhela) kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, mpaka kumi, huku usafiri unatafutwa.

#23 Mdadisi01

Nimesikia kuna ya kuchoma mirija kwa joto, siyo dawa. Vipi?

#24 Pumzi_Ndefu

Ni kweli, Marekani waliiruhusu 2010. Wanapitisha mrija wenye kamera kupitia mdomo au pua na kupasha kuta za mirija joto la nyuzi 65 hivi ili misuli ipungue, vikao vitatu. Ni kwa pumu kali iliyoshindikana kwa dawa, na siku za mwanzo kifua kinachafuka kabla ya kutulia. Si ya mimi na wewe.

#25 MamaWawili

Swali la mwisho jamani. Huyu wa miaka sita ataweza hicho kibomba? Na mdogo wake wa miaka mitatu ameanza kukohoa usiku, yeye je?

#26 nesi_wa_zamu

Wa sita mjaribu, akifundishwa kama mchezo wengi wanaweza, ila usiamini namba za siku za kwanza, bado anajifunza kupuliza. Chini ya miaka mitano hawawezi kupuliza kwa kuaminika, kwa hiyo huyo mdogo tumia daftari. Kila asubuhi andika: amekohoa usiku au la, aliamka au la, aliacha kucheza au kucheka kwa sababu ya kikohozi, amepata mipulizo mingapi kama ameandikiwa. Akikorota, mrekodi kwa simu, dakika moja inatosha, kifua wazi ili mbavu zionekane. Nenda na hiyo rekodi na daftari kliniki, maana ukifika pale mchana atakuwa anarukaruka na kifua safi.

Spesa yao ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, plastiki inapata umeme tuli na dawa inanata humo badala ya kumfikia mtoto.